Gugu ni lilelile ila ukoo tofauti: kwa nini inabidi tuulize mbegu imetoka wapi

Ukianzisha stori ya mimea vamizi huku kwetu kusini, kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, mazungumzo yanaishia kwenye jina. Gugu linaitwaje, lina sumu au halina, limefika au bado. Na likishafika basi, utasikia watu wanasema hilo limeshaingia, hakuna cha kuzuia tena, mana hata ikija mbegu nyingine si ni ya gugu lilelile? Hapo ndo nataka tukae kidogo ndugu zangu, kwa sababu hiyo kauli inasikika kama ina mantiki lakini ni ya hatari sana, na sisi watu wa Mtwara na Lindi kwa jinsi tulivyokaa kwenye ramani inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Kwanza tuelewane kwamba spishi moja haimaanishi kitu kimoja. Chukua mkorosho. Mikorosho yote toka Nachingwea mpaka Mikindani asili yake ni Brazili, Wareno ndo waliileta pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, kwaiyo kwenye vitabu ni spishi moja tu. Lakini muulize mkulima yeyote wa Newala kama mikorosho yote ni sawa uone atakavyokushangaa. Atakwambia huu unatoa maua mapema, ule unachelewa, huu ugonjwa wa ubwiriunga ukipita maua yote yanakauka, ule pale unaguswa kidogo tu hata kama dawa ya salfa ilichelewa, huu korosho zake kubwa, ule ndogo ila zinajaa mti mzima. Ndo maana wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, pale Mtwara, wamekaa miaka na miaka wanachagua miti mama, wanachukua vikonyo vyake na kubebesha, kwa sababu wanajua ukiokota mbegu yoyote chini ya mti wowote unabahatisha.

Magugu nayo ni hivyohivyo, ila hayo hakuna aliyekaa kuyachagua, yamechaguliwa na jua, mvua, wadudu na mifugo ya kule yalikotoka. Mmea wa spishi moja unaweza ukawa umetawanyika nchi kumi, na kila sehemu kuna kundi linalochavushana lenyewe kwa lenyewe vizazi na vizazi mpaka linakuwa na tabia zake. Wa sehemu kavu wanajifunga, mbegu zao zinakaa ardhini muda mrefu zikisubiri mvua. Wa bondeni wanakimbilia kurefuka. Wa sehemu yenye wadudu wengi wanajaza sumu kwenye majani. Mi makundi haya nitayaita koo, kwa sababu ndivyo yalivyo, ndugu wa spishi moja lakini kila ukoo una sifa zake. Na mbegu inapopanda meli au lori kwenda nchi nyingine haibebi spishi nzima, inabeba ukoo mmoja au miwili, mara nyingine mmea mmoja tu. Kinachotokea baada ya hapo kinategemea sana ni ukoo gani uliobahatika kusafiri.

Mfano ambao mi naona kila afisa kilimo anatakiwa aujue ni wa gugu karoti. Kwetu Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, lile lenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe, linawasha ngozi, linaleta pumu, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Asili yake ni kule Mexico na maeneo ya jirani. Sasa huko Australia, jimbo la Queensland, hili gugu liliingia mara mbili. Mara ya kwanza lilionekana mwaka 1955 sehemu inaitwa Toogoolawah, na inaaminika lilifika na mizigo ya Wamarekani wakati wa vita kuu ya pili. Likakaa palepale. Miaka ikapita, lipo, halisumbui sana, halisogei mbali. Ungekuwepo pale mwaka 1958 ukaliangalia ungesema hili gugu tunalo na halina shida. Alafu mwaka 1960 likaonekana tena sehemu nyingine kabisa, Clermont, safari hii limekuja limejificha ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizotoka Texas. Hilo la Clermont halikukaa. Miaka ya 1970 mvua zilipokuwa nzuri lilisambaa kwenye mashamba ya mifugo ya Queensland ya kati likawa janga, na mpaka leo wanahangaika nalo, huku lile la Toogoolawah bado liko maeneo yake yaleyale.

Spishi moja, nchi moja, jimbo moja. Watafiti walipoziotesha koo hizi mbili pamoja, kwenye udongo mmoja na maji yaleyale, waliona ukoo wa Clermont una nguvu zaidi, unashindana vizuri na mimea mingine na unavumilia hata maji yakipungua. Kwaiyo mtu akiniambia tukishakuwa na gugu hakuna haja ya kukagua mbegu zinazoingia, mi namrudisha Queensland. Ya pili kuingia ndo ilikuwa mbaya.

Sasa unajuaje kama tofauti iko kwenye damu ya mmea au ni mazingira tu? Hili swali ni la msingi mana mmea ukiwa bondeni kwenye mbolea utakuwa mrefu, ukiwa kwenye mchanga wa pwani utadumaa, na hapo hakuna ukoo wala nini, ni huohuo mmoja umejirekebisha. Huo uwezo wa mmea kubadilika umbo na mwenendo kulingana na mahali tuuite unyumbufu. Njia ya kutofautisha ni rahisi kuieleza ila inahitaji uvumilivu: unakusanya mbegu kutoka sehemu mbalimbali, unazipanda zote kwenye shamba moja, huduma moja, msimu mmoja, unasubiri. Zikija sawa, basi tofauti uliyoiona huko zilikotoka ilikuwa ya mazingira. Zikiendelea kutofautiana, ni za kurithi. Na wanaofanya vizuri zaidi wanaotesha kwanza kizazi kimoja pale shambani ndo wapime kizazi cha pili, kwa sababu mbegu iliyotoka kwa mama aliyeshiba huwa inaanza na nguvu ambazo sio za vinasaba, ni za akiba ya mama tu.

Jaribio la aina hii ndo lilionyesha kitu ambacho wengi wanakisahau, kwamba sifa hazisimami pale mbegu ilipotua, zinaendelea kubadilika hukohuko ugenini. Kuna mmea wa maua ya zambarau unaopenda sehemu zenye majimaji, Lythrum salicaria, ulitoka Ulaya ukaingia mashariki ya Amerika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 19. Ulivyokuwa unasogea kaskazini ulikutana na msimu mfupi wa joto, mimea inayochelewa kutoa maua ikawa inakutwa na baridi haijakomaza mbegu, ikabaki ile inayowahi. Mwaka 2013 Robert Colautti na Spencer Barrett walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Science, walikuwa wamechukua mimea ya kaskazini na ya kusini wakaipanda kotekote, na kila kundi lilifanya vizuri zaidi kwao. Yani ndani ya muda usiozidi karne mbili gugu limeshajitengenezea koo za wenyeji. Kwenye mageuzi ya viumbe hiyo ni kama jana.

Hili nalifikiria sana nikiangalia mvua zetu. Arusha wana vuli na masika, misimu miwili. Sisi Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, unaanza Novemba au Desemba unaisha Aprili au Mei, alafu kiangazi kirefu mpaka majani yanakatika. Gugu lililozoea misimu miwili likishuka huku, mbegu zake zikiota kwa kamvua kadogo ka Oktoba zote zinakufa. Ila sio zote zinaota siku moja. Zile zenye usingizi mzito, zinazosubiri mvua ya kweli, ndo zitabaki, na watoto wao watarithi huo usingizi. Kwaiyo ukiona gugu jipya linasuasua miaka kadhaa usijipe moyo haraka, huenda ndo wakati ule linachujwa kupata ukoo unaotufaa sisi, na likishaupata litakwenda kasi.

Wakati mwingine mabadiliko yanatusaidia wapambanaji. Mwaka 1995 Bernd Blossey na Rolf Nötzold walitoa wazo kwamba mmea ukihamia sehemu ambayo wadudu wake wa zamani hawapo, hauna sababu ya kuendelea kutumia nguvu kutengeneza sumu na kinga, nguvu hiyo inaenda kwenye kukua na kuzaa. Wazo limejaribiwa kwa mimea mingi, mengine yamekubali mengine yamekataa, kwaiyo sio sheria. Lakini pale lilipokubali kuna mfano mzuri mno, na ni wa pwani, watu wa mikoko mtauelewa. Kuna nyasi ya maji chumvi, Spartina alterniflora, ilipelekwa ghuba ya Willapa kule Washington, Marekani, ikakaa karibu karne nzima bila kamdudu kadogo kanakofyonza utomvu wake huko kwao. Nyasi hiyohiyo ipo ghuba ya San Francisco, ila kule mdudu yupo. Curtis Daehler na Donald Strong wakaweka mimea ya ghuba zote mbili pamoja na yule mdudu. Ya San Francisco ilivumilia. Ya Willapa ilidhoofika vibaya na mingi ikafa, kinga ilishaondoka. Mwaka 2000 wakaanza kumwachia mdudu huyo Willapa.

Hapo tunaingia kwenye sehemu ambayo kwangu ndo nzito kuliko zote, kutumia wadudu kupambana na magugu. Watu wanaona ni suala la kuleta mdudu aliyefanya kazi nchi jirani na kumwachia. Kumbe mdudu hali jina la spishi, anakula ukoo.

Gugu linaitwa Chromolaena odorata, wengine wanaliita gugu la Siam, ni kichaka kinachopanda juu ya kila kitu, kinaziba njia, kinaua malisho, na kikikauka kinawaka kama petroli. Asili yake Amerika. Huku Afrika zimeingia koo mbili tofauti kabisa. Ukoo wa kwanza ulipitia Asia, wataalamu wanaufuatilia mpaka bustani ya mimea ya Kolkata India karne ya 19, ukaenda Asia ya kusini mashariki, ukafika Afrika Magharibi, ukasambaa kuja Afrika ya kati, Uganda, mpaka ukaonekana kwetu kaskazini magharibi na mkoa wa Mara. Una shina na majani yenye manyoya, machipukizi yanayoelekea zambarau, maua ya zambarau iliyopauka. Ukoo wa pili ulionekana Afrika Kusini miaka ya 1940, upande wa KwaZulu-Natal, na vinasaba vyake vinaelekeza kwenye visiwa vya Karibi, Jamaika au Kuba. Huo majani yake ni laini, rangi ya kijani ya njano, maua meupe, na unavumilia baridi zaidi. Kutoka Afrika Kusini umeshaingia Eswatini na kusini mwa Msumbiji.

Angalia ramani sasa. Ukoo mmoja umetokea kaskazini magharibi ya Tanzania, mwingine uko kusini mwa Msumbiji, na katikati ni nani kama sio sisi? Tuna Ruvuma, tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010, tuna bandari ya Mtwara, tuna malori ya korosho na ufuta. Mbegu za hili gugu ni nyepesi zina vimanyoya, zinapeperuka na upepo na zinanasa kwenye nguo, matairi na mizigo.

Na tofauti ya koo hizi sio ya kupendeza macho. Kuna nzi mdogo, Cecidochares connexa, alitolewa Kolombia akaachiwa Indonesia mwaka 1995. Jike anataga kwenye ncha ya tawi, mabuu wanaingia ndani, shina linavimba kama jipu, tawi linadumaa halitoi maua. Amefanya kazi kubwa Indonesia na Papua New Guinea, kote huko gugu ni la ule ukoo wa Asia. Afrika Kusini walipomjaribu kwenye ukoo wao nzi hakuweza kukua. Mdudu sahihi, spishi sahihi kwa jina, matokeo sifuri. Ikabidi waanze upya kutafuta wadudu kwenye visiwa gugu lao lilikotoka. Sasa fikiria siku tumepata kichaka cha hili gugu Masasi au Liwale, mtu akaandika jina la spishi tu kwenye ripoti, Wizara ikaagiza mdudu. Tutajuaje tunaagiza sahihi? Rangi ya ua na manyoya ya jani, vitu ambavyo hata mtoto wa shule anaweza kuviangalia, vinaweza kuokoa miaka na hela.

Lantana nayo ina shida inayofanana ila mbaya zaidi kwa upande mmoja, kwa sababu sio gugu la porini tu, ni chotara la bustani. Ulaya walizichanganya spishi za Amerika kupata maua ya rangi nyingi, alafu wakazisambaza duniani kwenye makoloni. Ndo maana unakuta huku la waridi na njano, kule la chungwa, na yote tunaita lantana. Wadudu zaidi ya 40 wameshajaribiwa duniani kulidhibiti na matokeo ni ya kubahatisha, sababu mojawapo ikiwa hiyohiyo, mdudu anapenda chotara hili analikataa lile. Kuchanganyika pia kunawapa watoto sifa ambazo hakuna mzazi aliyekuwa nazo peke yake. Makundi mawili ambayo kwao yalitenganishwa na milima au bahari yakikutanishwa ugenini na binadamu yanaoana, na mmea ulioingia na vinasaba vichache unapata vipya. Hiyo ni sababu ya pili ya kuogopa mbegu ya mara ya pili.

Mtu makini atanipinga hapa, aseme mbona gugu maji limeziba Ziwa Viktoria na halina tofauti yoyote? Ni hoja ya haki. Gugu maji lililosambaa duniani sehemu kubwa ni mmea mmoja uliojigawa kwa vichipukizi, vinasaba vilevile toka Amerika hadi Asia, na limefanikiwa kuliko karibu gugu lolote. Lenyewe linategemea unyumbufu, na linakaa kwenye maji ambayo kokote uendako hayatofautiani sana kama ardhi. Lakini ona lingine: lilivyo sawa kila mahali ndo imerahisisha kuwatumia wadudu walewale wa Neochetina, wale fukusi wanaokula gugu maji, nchi nyingi bila kuhangaika na koo. Kwaiyo kukosa tofauti nako ni sifa ya kujua kabla hujapanga mapambano.

Kwetu sisi hii inatakiwa ionekane kwenye vitu vidogo. Mbegu za malisho, kwa mfano. Toka mifugo mingi ihamishwe kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 na sehemu yake kuletwa Lindi, suala la malisho limekuwa kubwa huku, na kuna siku watu watataka kuagiza mbegu za nyasi kutoka nje. Clermont ilianzia hapohapo, kwenye gunia la mbegu za nyasi. Kukagua gunia kwa kuuliza tu kama lina spishi tusiyokuwa nayo hakutoshi, gugu tulilonalo likiwemo ndani linatakiwa likataliwe vilevile.

Na ukiona mmea mgeni, usiukate na kuuchoma tu ukasahau. Kata tawi moja lenye jani na ua, lilaze katikati ya magazeti, libane na kitu kizito, ubadilishe gazeti kila siku mpaka likauke, andika kijiji, tarehe na rangi ya ua likiwa bichi mana likikauka rangi inapotea, alafu lipeleke kwa afisa ugani, Naliendele, au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tawi kavu lina thamani kubwa. Marekani walikuwa na matete yao ya asili yaliyokaa kwa utulivu, alafu karne ya 20 matete yakaanza kufunika mabwawa kila mahali na watu hawakuelewa kimewapata nini, mana ni spishi ileile iliyokuwepo siku zote. Mwaka 2002 Kristin Saltonstall alipima vinasaba vya matete ya sasa pamoja na majani makavu yaliyohifadhiwa makumbusho, mengine yalikusanywa kabla ya mwaka 1910, na ikaonekana kuna ukoo wa kigeni ulioingia kimyakimya na kuyasukuma yale ya asili. Bila yale majani ya zamani yaliyobanwa kwenye karatasi na kuandikwa mahali na tarehe, wasingekuwa na cha kulinganisha.